Padri Anamtafuta Mugeta

Mabruda walipokuja Itaramo kutafuta mahali pa kujenga nyumba yao na shule, kila mtu alifurahi isipokuwa mimi. Watu wakasema Matrida ana roho mbaya. Sina roho mbaya. Nina mume ambaye hajazaliwa, na mwanamke mwenye mume wa namna hiyo hapendi kupata jirani mwenye maswali mengi.

Nieleze vizuri, maana si wote wanaosoma haya wametoka Mara. Mama Yuliana, mama mkwe wangu, aliolewa na mzee Wambura, akamzalia mabinti watatu walioolewa mbali. Mtoto wa kiume hakupata. Mzee alipofariki, ndugu wa mumewe wakaanza kupita shambani kila jioni wakilipima kwa macho. Mama Yuliana hakwenda kumlilia mtu. Alitoa ng'ombe kwenye zizi lake mwenyewe, akawapeleka kwetu Nyamuswa, akanioa mimi niwe mke wa mwanawe. Mwana huyo hakuwapo, ila alipewa jina, Mugeta, jina la babu yake. Ndoa ya namna hiyo huku tunaiita nyumba ntobhu, na si mchezo wa kuigiza. Nilichinjiwa mbuzi, nikapigiwa vigelegele, nikaingia kwa Mugeta kama bibi harusi mwingine yeyote. Nilikuwa binti mkubwa tayari, nikaulizwa, nikakubali kwa mdomo wangu. Watoto wanne niliowazaa, Happyness na wadogo zake, ni watoto wa Mugeta. Mwanamume aliyesaidia kuwapata alisaidia, alishukuriwa, akaenda zake Geita, na habari yake imeishia hapo.

Kuishi na Mugeta si kazi ngumu. Hanywi, hapigi mtu, hachagui chakula. Kijiji kizima kinamtaja: ng'ombe wa Mugeta wameingia kwenye mihogo ya watu, mke wa Mugeta hajaleta mchango wa harusi, mti wa Mugeta umeangukia njia. Hakuna anayecheka. Kumwambia mwanamke aliyemwolea mwanawe kwamba huyo mwana hayupo ni kumvunjia nyumba, na wazee hukutoza mbuzi kwa ulimi huo.

Shida yetu ilikuwa kanisani. Tangu ng'ombe wale walipotoka zizini, Mama Yuliana hakupokea tena komunyo. Katekista wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alimwambia hafai, naye akaamini. Kila Jumapili kwa zaidi ya miaka ishirini alikaa benchi la nyuma. Wenzake wakipanga mstari, yeye alibaki ameinama akiangalia viganja vyake, na tukirudi nyumbani alikuwa hasemi mpaka jua linazama. Mimi nilikuwa napika tu. Nilijua ananyamaza kwa sababu yangu, ingawa hakuwahi kunilaumu hata siku moja.

Sasa wakaja hawa watu wa Mungu. Walikuwa wawili, wamevaa kanzu za kahawia na kamba kiunoni, miguuni makubazi hata wakati wa matope. Padri Renatus alikuwa Mngoni wa Songea, mrefu, mpole, anayekusikiliza mpaka unasahau ulichotaka kusema. Bruda Paschal alikuwa seremala, mfupi, mwenye mikono mikubwa, na ndiye aliyekuwa akiitengeneza pikipiki yao kila ilipokufa. Walikaa kwenye vyumba viwili nyuma ya kigango, kanisa letu dogo. Walitaka kujenga konventi, yaani makao yao hao ndugu, na ubavuni mwake shule ya sekondari ya watoto wetu. Lakini mkuu wa shirika lao alikuwa ameonyeshwa mahali pengine kule Kisorya, karibu na kivuko cha kwenda Ukerewe, na alikuwa ameanza kupapenda. Alisema kama Itaramo hatupati kiwanja kabla ya masika, ndugu zake watahamia ziwani.

Kijiji kikakutana, kikawapa mawe. Sisemi kwa dharau. Kilitoa ardhi kule mlimani, ila juu yake palikuwa na mawe na chini ya mawe palikuwa na mawe mengine. Bruda Paschal alipigapiga sururu, akafuta jasho, akasema asante sana. Ndipo Mama Yuliana akasimama kwa fimbo yake mbele ya watu wote na kusema kwamba shamba letu la mteremkoni lipo, wakiridhika walichukue.

Shamba lenyewe linaanzia barabarani linashuka mpaka kwenye chemchemi. Sehemu ya juu ni malisho. Ya chini ndiyo inayotulisha, ina mtama, mihogo na karanga. Watu walipiga makofi mpaka kuku wakatawanyika. Mama Yuliana akangoja makofi yaishe, kisha akaongeza kwa adabu kwamba shamba ni la Mugeta, lakini Mugeta hana neno.

Padri Renatus alishukuru sana, halafu akauliza swali la mtu aliyelelewa vizuri: lini angeweza kuonana na Mugeta, amsikie kwa kinywa chake? Alieleza kwamba shirika lao halichukui ardhi ya mtu ambaye hajaulizwa. Kuna mahali mama mmoja aliwapa kiwanja, mwanawe akarudi kutoka machimboni na panga.

 Mwenyekiti wetu, mzee Amos, akakohoa.

"Mugeta hapatikanagi kirahisi, Padri," alisema.

Mwingine akadakia kwamba Mugeta hakuwahi kuwa mtu wa mikutano. Wa tatu, sauti ilitoka nyuma sikumwona, akashauri labda ajaribu huko ziwani. Hakuna aliyesema uongo uliokamilika. Waliogopa mbuzi, na zaidi ya mbuzi waliogopa kumwaibisha mama mbele ya padri. Basi Padri akaondoka akijua kwamba Mugeta ni mtoro.

Jioni nilimwambia Mama amwite Padri amweleze. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua hata kichwa.

"Nimweleze nini? Kwamba sina mtoto wa kiume?"

 Ukweli ni kwamba na mimi niliogopa kumweleza. Nilihesabu mambo mawili kichwani na yote yalinitoa jasho. La kwanza, Padri angesema nyumba yetu ni dhambi, na kama Mama anataka komunyo kabla hajafa inabidi anirudishe Nyamuswa. Na Mama aliitaka komunyo kuliko kitu chochote. La pili lilikuwa Apolinary. Apolinary ni mtoto wa mdogo wake mzee Wambura, kwa hiyo ni shemeji yangu, na tangu mabruda wafike alikuwa hakosi misa. Maneno ya wazee yalimfunga mdomo, lakini siku padri akitamka hadharani kwamba Mugeta hayupo, Apolinary angekuwa wa kwanza kuuliza basi shamba ni la nani. Mimi na watoto wangu tungepanga vyombo njiani.

Padri akaja nyumbani kuuliza kwa upole. Aliketi juu ya kinu kilicholazwa, akakataa kiti. Akaniuliza mara ya mwisho nilimwona Mugeta lini. Nikasema ni siku nyingi. Akauliza kama huwa anatuma chochote. Nikasema hajawahi kuninyima kitu. Aliniangalia kwa huruma kubwa, mpaka nikataka kumwambia aninyime hiyo huruma, nina kazi za kufanya. Mama Yuliana alikaa pembeni akisema ndiyo, ndiyo, kwa kila kitu.

Basi akaanza kumtafuta. Alikwenda Bunda akauliza stendi na kwenye gereji. Alikwenda Musoma, akashinda sokoni Mwigobero siku nzima katikati ya wanawake wa dagaa na watu wa mitumbwi, akarudi ananuka samaki na kanzu imejaa magamba. Mugeta ni jina la watu wengi upande wetu, na Wambura ndio usiseme. Alimpata Mugeta mwalimu, Mugeta fundi redio, Mugeta mmoja mzee kuliko Mama Yuliana mwenyewe. Kila aliporudi, Bruda Paschal alipita kwetu kutupa moyo kwamba Mungu hashindwi, tutampata tu. Nilimpa uji, nikabamiza ungo ukutani alipoondoka.

Waliokuwa wananiudhi zaidi ni watu wa kijiji. Walikuwa wanaona mafuta ya pikipiki yanateketea, wanaona mtu wa watu anababuka jua, na bado wanamwelekeza. Dorah wa dukani alimwambia ajaribu Nyamuswa siku ya mnada. Nyamuswa ni kwetu nilikozaliwa. Kaka zangu walipoulizwa kama wanamjua shemeji yao Mugeta, walijibu kwa heshima zote kwamba wanamjua sana, ni mkwe mwema, mahari yake ilikuwa ng'ombe wazuri, ila siku hizi hawaonanagi.

Siku moja mkuu wa shirika akamwita Padri Renatus Kisorya kukiangalia kile kiwanja cha ziwani. Tukajua mambo yameisha. Watu walianza kumlaumu Mama Yuliana chini chini, eti ameahidi na kuzuia papo hapo. Mimi, nisifiche, nililala usingizi mzuri.

Padri alirudi mchana wa kesho yake. Tulisikia pikipiki kabla haijaonekana, na ilipoonekana ilikuwa na watu wawili, na nyuma yao nusu ya kijiji wanakuja kwa miguu, Apolinary akiwa mbele yao na Bruda Paschal kati yao. Mama alikuwa amekaa mkekani anabangua karanga. Padri aliteremka, uso unang'aa kwa vumbi na furaha.

"Mama," alisema, "nimemleta Mugeta."

Mtu huyo alikuwa na miaka arobaini na ushee, mweusi wa jua la ziwani, amevaa shati la kupigwa pasi na mkononi ameshika sato wawili waliotungwa kwenye kamba. Alitusalimia wote kwa mpangilio, akaanza na Mama kwa shikamoo ya kuchuchumaa. Padri akatusimulia. Alimkuta pale kivukoni akitengeneza mtumbwi. Alimwuliza jina, akasema Mugeta. Jina la baba, Wambura. Alimwuliza kama ana ardhi upande wetu huku Butiama, akajibu kwamba baba yake aliondoka huko akiwa kijana na aliwaambia siku zote kwamba wana shamba la mteremkoni, ila yeye hajawahi kuliona. Padri alielewa kwamba mtu ameona aibu kutaja mke na watoto aliowatelekeza, hakutaka kumbana. Alimwuliza tu kama ana kinyongo likijengwa shule ya Mungu. Mtu wa watu akasema hana kinyongo, na angependa kuja kupaona kwao.

 Mzee Amos alikuwa anaangalia mawingu. Padri akanigeukia, akashusha sauti, ingawa pale uani hapakuwa na mtu asiyemsikia.

"Mama Happyness, sitaki kukuaibisha. Nataka kulisikia kwako tu. Huyu ndiye mume wako?"

Apolinary akasogea mbele.

"Sema, shemeji. Si ndiye?"

Nikamwelewa kabisa. Nikisema ndiye, nimemdanganya padri mbele ya watu wote na nimemwingiza mgeni kwenye nyumba na shamba. Nikisema siye, ataniuliza wa kweli yuko wapi, na safari hii nitajibu mbele ya padri ambaye neno lake litasikika mpaka Musoma. Nikamtazama Mama. Alikuwa ameacha kubangua, karanga moja iko katikati ya vidole. Hakunipa ishara yoyote. Hasira zikaja, nazo zilinisaidia. Nilichoka. Nilichoka kumwona mtu mwema anazungushwa na watu wenye adabu.

"Siye, Padri," nilisema. "Mume wangu Mugeta hajazaliwa."

Halafu nikamweleza yote, kuanzia mzee Wambura mpaka ng'ombe, mbuzi na vigelegele, na lile benchi la nyuma. Sikupunguza. Padri alirudi nyuma akaketi juu ya kinu. Mgeni wa Kisorya alibaki amesimama na samaki wake, anaangalia mmoja baada ya mwingine. 

"Mmesikia wenyewe," alisema Apolinary. "Ametamka kwa mdomo wake. Kama Mugeta hayupo, shamba la baba mkubwa halina mwenyewe, linarudi kwenye ukoo. Na huyu arudi kwao."

Nilikuwa nimelijua neno hilo miaka yote, na bado lilinifikia kama jipya. Nikashika nguzo ya mlango. Mama Yuliana akaanza kuinuka. Kuinuka kwake kulichukua muda, Bruda Paschal akataka kumsaidia, akamkatalia kwa kiwiko.

"Apolinary," alisema akishasimama, "ng'ombe wa kumwoa huyu, nani aliwaswaga mpaka Nyamuswa?"

Apolinary akageukia pikipiki.

"Nimekuuliza, baba."

"Mimi, mama mkubwa."

"Na mbuzi wa siku ile, paja nani alikula?"

"Mimi."

"Ulikuwa unamwolea nani?"

Apolinary akatazama viatu vyake. Hakuna aliyemcheka, maana kila mtu mzima aliyekuwa pale alikula kipande cha mbuzi yule na wote walikuwa wanajiuliza wao wangejibu nini. Mzee Amos akatamka, kwa sauti yake ya mikutano, kwamba mtu aliyeswaga ng'ombe wa mahari hawezi kugeuka akasema hamjui bwana harusi. Hilo kwetu lilitosha. Lakini Mama hakuwa amemaliza. Alimgeukia Padri, akagonga fimbo chini.

"Na wewe usinitazame hivyo. Wewe tunakuita baba, watoto wako wako wapi? Huyu mfupi unamwita ndugu, mmezaliwa tumbo moja? Mmeacha kwenu mkajipangia undugu, na sasa mnatafuta pa kuujengea nyumba. Mimi nilifanya nini tofauti?"

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Bruda Paschal alikuwa amefunika mdomo kwa ile mikono mikubwa. Padri Renatus alikaa vile vile juu ya kinu, viwiko magotini, akafikiri kwa muda ambao kwa mtu wa kawaida ungekuwa ukosefu wa adabu.

"Mama, sina jibu la haraka," alisema hatimaye. "Hilo la kwako na Mungu tutakaa tuliongee, mimi na wewe, si hapa uani. Kwanza naomba msamaha, nimekuletea watu nyumbani." Kisha akaniangalia mimi. "Mama Happyness, wewe unataka nini?"

Nilitafuta kichwani mtu aliyewahi kuniuliza hivyo tangu siku niliyoulizwa kama nakubali kuolewa, sikumpata.  Nilikuwa nimejiandaa kujitetea, kutukana hata, lakini swali lenyewe sikuwa na maandalizi nalo.

"Nataka kubaki," nikasema. "Huyu mama sina mwingine, na hapa ndipo kwangu."

Mama Yuliana aliposikia hivyo alikaa tena mkekani bila kuomba msaada, akachukua ungo, akaanza kubangua karanga haraka haraka. Nilimjua. Alikuwa anazuia kulia mbele za watu.

Padri akasema maneno yake, nami nayasimulia kwa ufupi kwa sababu aliyasema kwa urefu. Nyumba ya watawa haiwezi kusimama juu ya shamba linalomwondoa mtu. Kwa hiyo wao watachukua ile sehemu ya juu tu, ya malisho. Ya chini yenye chemchemi ibaki, na mkutano wa kijiji uitamke kuwa ya Matrida, kwa jina lake, akiwa hai yeye na baada yake watoto wake. Kama kijiji hakiwezi kulitamka hilo, hakuna ubaya, Kisorya kuna upepo mzuri na samaki.

Nimeona wanaume wa Itaramo wakichelewa kwenye mambo mengi, lakini siku ile hawakuchelewa. Mkutano uliitishwa wiki ile ile. Hata Apolinary alinyoosha mkono, maana binti yake Recho alikuwa darasa la saba na sekondari ya karibu ilikuwa mwendo wa kutokwa na malengelenge. Tulipanda minyaa kwenye mpaka, mimi na Apolinary, yeye anachimba mimi naweka. Tulifanya kazi bila kusemezana, mpaka aliponiomba maji. Nikampa.

Mama na Padri walikaa nyuma ya kigango asubuhi moja. Walichoongea sikijui na sitaki kukijua, ni chao. Najua tu kwamba Mama alirudi akaniambia nimpigie pasi kile kitenge chake cha sikukuu. Nami Padri aliniita baadaye, akanieleza kwa upole kwamba mbele ya Kanisa mimi sijaolewa, ni mwanamke huru, naweza kufunga ndoa nikipenda. Nilikasirika kidogo. Nina watoto wanne, nimezeeka ndani ya nyumba ya mume, halafu naambiwa ni msichana. Nikamwambia nitalifikiria nikishavuna mtama, akacheka mpaka kamba yake ikalegea.

Na yule mgeni? Hakuondoka siku ile. Sato walipikwa, akala, wazee wakamkalisha wakamhoji ukoo mpaka wakampata. Baba yake alitoka ng'ambo ya kilima, watu wengine kabisa, na shamba lao lilishagawanywa kabla ya yeye kuzaliwa. Tulidhani ataudhika. Alisema amepaona, inatosha. Ana mke wake Kisorya, anaitwa Dafroza, na watoto, na mama yake alimfia akiwa bado ananyonya. Bruda Paschal alipojua kwamba anaunda mitumbwi alimshika mkono hakumwachia, kwa sababu alitaka mtu wa kumsaidia kenchi za paa. Tangu hapo akawa anakuja, anafanya kazi wiki mbili, anarudi ziwani, anakuja tena na samaki. Kijiji kilijaribu kunitania naye. Nikawaambia nina mume tayari, na wakaniacha, maana walikumbuka mbuzi.

Siku ya kuweka jiwe la msingi mkuu wa shirika alifika mwenyewe, na mapadri kutoka Musoma na Bunda, na kwaya mbili ambazo hazikuelewana nani aanze. Misa ilifanyika malishoni, chini ya maturubai. Wakati wa komunyo ulipofika nilimwona Mama Yuliana anainuka kwenye kile kiti tulichomwekea, kitenge kimenyooka, anapanga mstari. Sikumshika mkono, alikuwa amenikataza. Alikwenda peke yake, akapokea kwa Padri Renatus, akarudi ameinamisha kichwa, na alipoketi alinipa fimbo nimshikie kama mtu aliyemaliza safari. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Mwisho wa misa mkuu wa shirika akaita familia iliyotoa ardhi ije iweke jiwe. Tukaenda, Mama, mimi na watoto. Jiwe lilikuwa kubwa, limechongwa kutoka kule kule mlimani tulikowapa mabruda mwanzo. Mama aliweka viganja juu yake, halafu akasimama tu. Watu wakangoja.  Akageuka, akaangalia ule umati wote, na akaita.

"Mugeta."

Aliita kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aje kula.  Zaidi ya miaka ishirini nilimsikia akilitaja jina hilo, juu ya ng'ombe, juu ya miti, juu ya michango, lakini kumwita sikuwahi kumsikia. Nikadhani furaha imemzidi, akili imemtoka. Watu nao walikuwa wanaangalia chini, hakuna aliyejua aangalie wapi.

Nyuma kabisa, kwenye sufuria za pilau, yule mtu wa Kisorya akaweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye suruali.

"Naam, mama," akaitika.

Akapita katikati ya watu mpaka mbele. Mama Yuliana alimtazama anavyokuja hatua kwa hatua, midomo inamcheza, na sikuwahi kuuona uso wake ukiwa hivyo, si kanisani, si nyumbani.

"Shika huku," alimwambia. "Jiwe zito hili."

Akashika. Mimi nikashika upande wangu huku machozi yananitiririka bila aibu, Mama akaweka mikono yake katikati yetu, tukaliteremsha.